Kwenye dodoso wote wanakubali, shambani binti hapati kitu

Swali: "Mwalimu, jambo. Ninasoma saikolojia hapa Bukavu na ninaandika kazi yangu ya mwisho juu ya mtazamo wa wazazi kuhusu mabinti kurithi ardhi. Nilipita mtaa wa Kadutu na dodoso, nikauliza wazazi 120 kama binti ana haki ya kurithi shamba sawasawa na kaka yake. Karibu wote wakajibu 'nakubali kabisa'. Lakini kwetu Walungu, na kwa majirani wote ninaowajua, shamba lilikwenda kwa vijana wa kiume, dada zao wakaambulia mbuzi au wakatoka mikono mitupu. Direkteri anayesimamia kazi hii anasema data zangu ni nzuri. Mimi naona nimedanganywa. Je, ni utamaduni wetu? Na wanasaikolojia wanapimaje kitu ambacho watu wanaficha?"

Mwanangu, jambo sana.

Mimi sioni kwamba wamekudanganya. Uliwauliza juu ya haki, nao wakakujibu juu ya haki. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi bila kutenga mvulana na msichana. Hapa Bukavu jambo hilo limesemwa redioni, kanisani na kwenye semina za mashirika mpaka hata asiyejua kusoma analijua. Ukimuuliza mzazi kama binti ana haki, unampa mtihani ambao jibu lake alishalisikia mara nyingi. Amejibu, amepasi.

Halafu jitazame wewe. Msichana wa chuo kikuu, karatasi na kalamu mkononi, umekalia kiti walichokutolea ndani, unamuuliza baba wa watu kama msichana anastahili kitu. Akuambie hapana, wewe uliye binti mbele yake? Pembeni mkewe anatwanga sombe na masikio yake yako kwenu. Binti yake mkubwa yuko mlangoni. Isitoshe, mzee huyo ameshaona miaka mingi kwamba mwenye dodoso hutangulia na mradi hufuata, na mradi huja na orodha ya majina. "Nakubali kabisa" yake inaweza kuwa adabu, inaweza kuwa tahadhari, na kwa baadhi yao ni imani ya kweli. Dodoso lako halina njia ya kuyatenganisha hayo matatu. Ndiyo maana kwa heshima yote namkatalia direkteri wako: data zako ni safi, lakini bado hazijasema zinachopima. Martin Orne, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1962 kwamba mtu anayeshiriki utafiti hakai tu akisubiri kupimwa. Anatafuta kujua mtafiti anataka nini, kisha wengi humsaidia akipate. Kadutu wanasaidia kwa moyo mkunjufu kabisa.

Tatizo lako ni la zamani karibu sawa na fani yenyewe. Mwaka 1928 Louis Thurstone wa Chicago aliandika kwamba mitazamo inaweza kupimwa, na mwaka 1932 Rensis Likert akatoa ngazi ile ya "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa" ambayo umeitumia. Miaka miwili tu baadaye, mwanasosholojia Richard LaPiere akatangaza matokeo yaliyowasumbua wote. Kuanzia mwaka 1930 alizunguka Marekani kwa gari pamoja na kijana wa Kichina na mkewe, wakati chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi nchini humo. Waliingia hoteli, kambi za wasafiri na migahawa 251. Walikataliwa mahali pamoja tu. Miezi sita baada ya kupita, LaPiere akawaandikia wenye sehemu zile barua: je, mnapokea wageni wa Kichina? Waliojibu walikuwa 128, na zaidi ya tisa katika kila kumi walisema hapana.

Kwake karatasi ilikataa na mikono ikapokea. Kwako karatasi imekubali na mikono inanyima. Ila utaratibu ni uleule. Barua iliuliza juu ya "Wachina" wasioonekana; mlangoni walisimama watu wawili, wamevaa vizuri, wanatabasamu, wana pesa, na mzungu kando yao. Dodoso lako liliuliza juu ya "binti" asiye na jina. Siku ya kugawa, binti ana jina, ana mume wa ukoo fulani, na kaka zake wamekaa palepale wanamtazama baba.

Kwa hiyo kosa la kwanza la kurekebisha liko kwenye swali, kabla hatujamgusa mtu wala utamaduni wake. Andrew Davidson na James Jaccard walilionyesha vizuri mwaka 1979. Waliwauliza wanawake wa Marekani juu ya uzazi wa mpango, kisha wakaangalia nani alitumia vidonge katika miaka 2 iliyofuata. Mtazamo juu ya uzazi wa mpango kwa jumla ulihusiana na matendo kwa 0.08 tu, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, yaani karibu bure. Walipouliza juu ya vidonge, uhusiano ukapanda hadi 0.32. Walipouliza juu ya kutumia vidonge, 0.53. Na walipouliza "wewe kutumia vidonge katika miaka 2 ijayo", ukafika 0.57. Wanawake ni walewale. Swali ndilo lilisogea karibu na tendo. Icek Ajzen na Martin Fishbein wamelifanya hilo kuwa kanuni: taja tendo, taja linamhusu nani, taja mahali, taja muda. Kwako ingekuwa: "Katika miezi 12 ijayo, utaandika jina la binti yako kwenye karatasi za shamba lako la kijijini?" Liulize hivyo kwa watu kumi tu uone kimya kitakachokuja kabla ya jibu. Hata hicho kimya kiandike.

Sasa utamaduni. Nina ugomvi wa zamani na kazi za wanafunzi zinazomaliza kwa "hii ni kwa sababu ya utamaduni". Sentensi hiyo haielezi kitu. Useme ni desturi ipi, inamlinda nani, gharama yake inamwangukia nani, na nani anaangalia wakati inafuatwa.

Chukua Bushi, nchi ya Washi, ambako ndiko Walungu kwenu. Mzee wa zamani alipata kipande chake kwa kalinzi: alimtolea mwami, yaani mfalme wa kimila, au mkubwa wa eneo ng'ombe, akapewa haki ya kudumu ambayo ingepita kwa mwanawe. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini Walungu na Kabare watu bado wanakumbuka vizuri ni babu wa nani alitoa ng'ombe yupi. Binti anaolewa nje ya ukoo. Ng'ombe wa mahari wameingia kwao, na yeye anahesabiwa kuwa na shamba kwa mumewe. Ukimpa kipande, baba anaona kizazi kijacho cha kipande kile kikiitwa kwa jina la ukoo mwingine, na mashamba yenyewe yameshakuwa madogo mno. Sasa angalia: baba huyohuyo anauza ng'ombe ili binti alipe minervali, yaani ada ya shule, na diploma ya binti anaitundika ukutani sebuleni. Ukiandika kwamba "anamdharau mtoto wa kike", umemsoma vibaya. Mtazamo wake uko juu ya udongo na jina la ukoo, na binti amekutwa katikati.

Daniel Katz aliandika mwaka 1960 kwamba mitazamo ina kazi inazofanya. Mmoja unamletea mtu faida, mwingine unamsaidia kuielewa dunia, mwingine unamkinga asijione duni, mwingine unatangaza yeye ni nani na anathamini nini. Mitazamo miwili ikifanana mdomoni inaweza kuwa na mizizi tofauti kabisa, na mafundisho yanayong'oa mmoja hayagusi mwingine. Huyu wa Walungu humbadilishi kwa kumwambia wasichana wana akili. Anajua. Analipa shule.

Nenda Lubumbashi uone tofauti. Katika avenyu moja ya Katuba unaweza kukuta familia ya Waluba wa Katanga, wanaohesabu ukoo upande wa baba, na jirani zao Walamba au Babemba, wanaohesabu upande wa mama na ambao mrithi wa kimila alikuwa mtoto wa dada. Wanasali kanisa moja, watoto wanasoma shule moja, wananunua unga soko moja. Swali lako la "binti kurithi" likifika kwao linagusa vitu viwili tofauti. Usidhani lakini kwamba upande wa mama maana yake mama ndiye anayeamua. Mara nyingi ni mjomba.

Kuna jambo la pili ambalo utamaduni hufanya, na vitabu vingi tunavyosoma vinalipita haraka. Utamaduni huamua pia mtazamo wa mtu binafsi una nguvu kiasi gani juu ya mwenendo wake. Yoshihisa Kashima na wenzake walilinganisha wanafunzi wa Australia na wa Japani mwaka 1992, wakakuta Waaustralia wanaamini zaidi kwamba mtu hutenda anavyowaza moyoni. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, kusema hili na kutenda lile ni aibu inayohitaji maelezo. Kwingine, mtu mzima anategemewa kujua mahali alipo na aliyekaa naye, na kumkubalia mgeni barazani kwake ni malezi mema. Wewe uliyelelewa Bushi unajua hili bila kufundishwa, halafu chuo kikakupa dodoso lililotungwa kana kwamba halipo.

Usikimbilie hata hivyo kuandika "Wajapani wanafanya hivi, nasi Waafrika vilevile". Bukavu si Tokyo. Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walionya mwaka 2010 kwamba saikolojia imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya watu wa nchi tajiri za Magharibi, hasa wanafunzi wao, kisha ikaitwa saikolojia ya binadamu. Dawa yake ni kupima hapa. Kuazima sanduku la nchi nyingine na kujitia ndani yake hakutusaidii.

Narudi kwa yule baba. Tuseme "nakubali kabisa" yake ni ya kweli moyoni. Bado anaweza kunyima, kwa sababu hakai peke yake siku ya kugawa. Wapo wadogo zake, yupo shangazi, upo ukoo mzima. Ajzen huita hilo shinikizo la wale ambao maoni yao mtu anayajali, na nadharia yake ya mwaka 1991 inaliweka sambamba na mtazamo wa mtu mwenyewe. Lakini angalia ujanja uliopo: huenda wale wadogo zake nao kila mmoja anakubali kimyakimya, na kila mmoja anadhani wenzake wanakataa. Leonardo Bursztyn, Alessandra González na David Yanagizawa-Drott walilikuta jambo la namna hii Riyadh, Saudi Arabia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Vijana wengi waliooa hawakuwa na tatizo na mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba, ila walidhani wenzao hawataki. Walipoonyeshwa wenzao wanasema nini kwa kweli, wengi zaidi waliandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafuta kazi. Hakuna aliyehubiriwa kitu.

Kwa hiyo ongeza swali moja jepesi kwenye dodoso lako: "Kati ya wanaume kumi wa avenyu hii, unadhani wangapi wanakubali binti apate sehemu sawa?" Wakikwambia "wawili", na wewe umehesabu karibu wote wanakubali, nafasi iliyopo kati ya hizo hesabu mbili ndiyo kazi yako ya mwisho. Mimi ningeisoma hiyo kwa hamu kuliko asilimia zote ulizonazo sasa.

Hili si jambo la Arabuni peke yake. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya Rwanda vilivyosikiliza mchezo wa redio wa kuhimiza upatanisho, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Imani binafsi za wasikilizaji hazikusogea sana. Kilichosogea ni picha yao ya kile ambacho watu wengine wanakiona cha kawaida, na mwenendo wao ukafuata picha hiyo: katika kuamua jinsi ya kutumia pamoja redio na betri walizopewa, walijadiliana na kuaminiana zaidi. Kisha akaja huku kwetu mashariki mwa Kongo, na matokeo yake ya mwaka 2010 si ya kufurahisha. Sehemu moja walisikia mchezo wa redio peke yake, sehemu nyingine baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wajadiliane. Walijadiliana kweli, lakini waliohimizwa wakatoka na uvumilivu mdogo zaidi na kinyongo kilichochemka. Na hakuishia kuwauliza wanaonaje. Washiriki walipewa chumvi kama zawadi, kisha wakaulizwa kama wangependa kuigawia jamii wasiyoipenda. Chumvi ina bei sokoni, huwezi kuitoa kwa adabu tu bila kuihisi. Waliohimizwa kujadiliana walikuwa wagumu zaidi kutoa. Wanaodhani kwamba kukusanya watu na kuwaambia "ongeeni" kunatosha wangeusoma utafiti huo kwanza.

Kuhusu kupima kilichofichwa, njia ziko kadhaa, nami naanza na zile unazoweza kufanya bila pesa ya mradi.

Ya kwanza ni kuacha maoni na kuuliza yaliyopita. "Mzazi wako alipofariki, shamba liligawanywa kwa nani na nani?" Mtu hupata shida kupamba historia ambayo jirani anaijua.

Ya pili ni kisa kifupi. Unaandika hadithi ya Mzee Bahati mwenye mashamba mawili, wana wawili na binti mmoja, Furaha. Kwa theluthi moja ya wazazi Furaha hajaolewa. Kwa theluthi nyingine ameolewa Uvira. Kwa waliobaki amefiwa na mume akarudi nyumbani na watoto. Kila mzazi anasikia toleo moja tu, lililochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha unauliza: Mzee Bahati afanye nini, na ndugu zake watasemaje? Mzazi anamsema Bahati, hajisemi yeye, na ulimi unalegea. Ukikuta mjane anapata na aliyeolewa hapati, umeshajua kwamba kinachogomba ni shamba kwenda ukoo mwingine. Kwa wazazi 120 hii inakutosha, watu 40 kila toleo, mradi usitake kuona tofauti ndogondogo.

Ya tatu ni ya orodha, nayo ni nzuri kwa siri. Nusu ya watu unawasomea mambo manne: kijana kuoa bila wazazi kukubali, kuuza parsele (kiwanja) ili kulipa deni, kufanya matanga makubwa kwa mkopo, mtoto kusoma mbali na nyumbani. Unawauliza: mangapi yanakukera? Usiniambie yapi. Nusu nyingine unawasomea manne hayohayo na la tano, binti kupata shamba sawa na kaka zake. Tuseme kundi la kwanza lina wastani wa 2.0 na la pili 2.5. Tofauti ni 0.5, maana yake nusu ya watu linawakera, na hakuna hata mmoja aliyekwambia. Inafanyika kwa mdomo, kwa Kiswahili au Mashi. Lakini usiitumie kwa kundi lako dogo. Kwa watu 60 kila upande, matokeo yanaweza kukosea kwa pointi 35 hivi za asilimia juu au chini; kulishusha kosa hadi pointi 10 ungehitaji watu kama 1,500. Stanley Warner alitoa mwaka 1965 mbinu nyingine ya siri, ambayo bahati nasibu inaamua mtu ajibu swali lipi bila mtafiti kulijua, na vitabu hupenda kuieleza kwa sarafu. Sisi hatutembei na sarafu. Mfuko wenye maharage ya rangi mbili unatosha, ila utatumia dakika nyingi kumhakikishia mzee kwamba si uchawi wala kamari.

Vipimo vya kompyuta vinavyopima kasi ya vidole kwenye vitufe ili kugundua mtazamo ambao mtu hausemi, vilivyoanza na Anthony Greenwald na wenzake mwaka 1998, viache. Sara Lowes na wenzake walipeleka kipimo cha aina hiyo nchini kwetu kupima upendeleo wa kikabila, wakatangaza mwaka 2015. Upendeleo kwa kabila la mtu ulionekana kwenye kipimo, ila ulikuwa mdogo kuliko ule ambao watu waliutaja wenyewe kwa mdomo. Matokeo hayo yananipendeza kwa sababu yanavuruga wazo kwamba siku zote moyoni kuna kitu kibaya zaidi ya kinachosemwa.

Dodoso zako 120 usizitupe. Ziandike kwa jina lake halisi: wazazi wa Kadutu wanasema nini juu ya haki mbele ya msichana wa chuo. Halafu rudi kwa wazazi hao na kisa cha Furaha, na umwombe mwanafunzi wa kiume aulize nusu ya nyumba, mkizigawana kwa kura. Majibu yakitofautiana kati yako na yeye, hiyo nayo ni data. Uliza mtu mmoja mmoja, mke mbali na mume. Na usiandike kamwe shamba liko wapi wala linapakana na nani. Familia nyingi zina kesi, na karatasi yako inaweza kuombwa kama ushahidi na ndugu mmoja dhidi ya mwingine. Ukishatunga visa vitatu, niletee nivisome kabla hujapiga kopi.